HATUTAKI KUPANDA UHURU JUU YA MGONGO WA MPAGAZI

Ndugu wananchi wa Mungaa, na Singida yote, tusikilizeni.

Tangu mavuno ya alizeti tumekuwa tukichanga fedha ili vijana na walimu wetu kadhaa waende kupanda Mlima Kilimanjaro. Ni safari ya haki kabisa. Mlima ni wetu, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Lakini mtu haruhusiwi kupanda peke yake. Hifadhi inataka uwe na mwongozaji mwenye leseni, na mwongozaji huja na kampuni, na kampuni huja na mpishi na wapagazi. Basi ni lazima tuchague kampuni, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Barua mbili zilisomwa mkutanoni. Kampuni ya kwanza inataka siku sita kwa njia ya Marangu, na imeandika waziwazi ujira wa kila mpagazi kwa siku. Ya pili, ambayo jina lake tunalisitiri, inataka siku tano, kwa bei iliyopungua karibu theluthi. Makofi yakapigwa kwa hiyo ya pili! Sisi hatukupiga. Tukauliza: theluthi hiyo imetoka wapi? Ada ya hifadhi kwa siku ni ile ile kwa kampuni zote. Mafuta ya gari hayana huruma na mtu. Siku moja iliyokatwa haitoshi kueleza theluthi nzima. Kilichobaki kupunguzwa ni jasho. Tukaisoma barua tena: ujira wa wapagazi hautajwi popote, ila kwamba wapandaji “wanashauriwa kutoa bakshishi”. Tangu lini bakshishi ikawa mshahara?

Mwaka 1889 Hans Meyer alipofika kileleni, mizigo yake ilibebwa na Waafrika, na Marangu humkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyemwongoza. Meyer akakiita kilele kwa jina la Kaisari wa Ujerumani, akachukua na jiwe la kumpelekea. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina tulilibadilisha. Je, na hali ya mbeba mzigo?

Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini wapagazi wenyewe, ambao mlimani huitwa wagumu, husimulia mengine: kwamba wapo wanaoongezewa mzigo wakishavuka mizani, wanaokula mara moja kwa siku, wanaolala kwenye baridi na viatu vilivyotoboka, na wanaoshuka wakaambiwa wasubiri malipo. Wakulima wa vitunguu wa mkoa huu, jambo hili hamlijui? Hii ni lumbesa! Tofauti ni kwamba gunia halisikii maumivu.

Wapo wanaosema, “Sisi ni maskini, hayo ya wapagazi ni ya Wazungu wenye fedha.” Ndugu hao wanatushangaza. Mtoto wa mkulima akimnyonya mtoto wa mkulima mwenzake, unyonyaji haugeuki kuwa nafuu ya maskini.

Wala hatusemi watu wachague kwa kubahatisha. Tangu 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, wenye orodha ya kampuni zinazokubali kukaguliwa ujira, chakula na mahema ya wapagazi wao. Kampuni ya kwanza imo. Ya pili tuliipigia simu kuiuliza. Ikatujibu kwamba hayo ni mambo yao ya ndani.

Hata hiyo siku moja iliyokatwa si faida. Ni ile ya kupumzika Horombo, kwenye mita 3,720, mwili uzoee hewa nyembamba kabla ya kwenda Kibo na kuukabili usiku wa kilele, mita 5,895. Mwalimu wetu akizidiwa huko kwa sababu ya haraka, nani atamshusha kwenye machela? Mpagazi yule yule.

Fedha zikipungua, waende wanne badala ya sita; wengine watafuata mwakani. Jumamosi mkutano utarudiwa. Anayeitaka kampuni ya siku tano aje na jibu moja tu, mpagazi atalipwa shilingi ngapi kwa siku, na alisome mbele ya watu wote.