Tiba ya homoni na moyo: Akina mama wa Musonoi wasiharakishe kusherehekea

Novemba 10, 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuondoa onyo zito lililokuwa limebandikwa kwa zaidi ya miaka 20 kwenye dawa za homoni wanazotumia wanawake waliokoma hedhi. Onyo hilo lilitaja maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya matiti. Wakuu wa Marekani walikwenda mbali zaidi, wakadai kwamba mwanamke anayeanza dawa hizi mapema hupunguza sana hatari ya kuugua moyo.

Habari ya aina hii husafiri haraka kwa WhatsApp, na haitachukua muda kufika kwenye vibanda vya dawa vya Kolwezi. Kwa mama wa Musonoi aliyevuka miaka 50, inahitaji kusomwa kwa makini.

Onyo lile lilitokana na utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative. Mwaka 2002 sehemu yake moja, yenye wanawake 16,608, ilisitishwa kabla ya wakati. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia estrojeni pamoja na projestini kwa mwaka mmoja, kulikuwa na matukio 7 zaidi ya moyo na viharusi 8 zaidi kuliko kwa wale ambao hawakupewa dawa. Idadi hiyo si kubwa, lakini hofu ilienea dunia nzima. Baadaye ilionekana kwamba wengi wa wanawake hao walianza dawa wakiwa wamekwisha zeeka. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hatari ni ndogo zaidi.

Hadi hapo, FDA ina hoja. Lakini dawa kuwa na hatari ndogo ni jambo moja, na dawa kuwa kinga ya moyo ni jambo lingine kabisa. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, lilipopitia ushahidi mwaka 2022, lilishauri homoni zisitumike kwa lengo la kuzuia maradhi sugu. Kazi yake inayoeleweka vizuri ni kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, na kulinda mifupa.

Tena si dawa ya kununua kama parasetamo. Mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake hujiweka katika hatari ya saratani ya mji wa mimba, hivyo lazima aongezewe homoni ya pili. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au shambulio la moyo kwa kawaida hapewi. Mwenye kuyachunguza haya yote ni daktari.

Hapo ndipo historia ya Musonoi inapoingia. Enzi za Gécamines, familia ya mfanyakazi ilitibiwa na kampuni. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, na matunzo yale yakaenda nao. Mke wa mfanyakazi aliyekuwa na miaka 30 wakati ule, leo amekwisha vuka 50. Serikali ya Kinshasa ilizindua uzazi wa bure Septemba 2023, hatua njema, ila inamhusu anayejifungua. Aliyemaliza kuzaa hujilipia.

Je, mazoezi? Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho, pamoja na kazi ya misuli siku mbili. Mama anayebeba bidoni ya lita 20, au anayeinama mtoni kutwa akiosha mawe ya shaba na kobalti, atacheka akiambiwa afanye mazoezi. Ana haki ya kucheka. Hata hivyo watafiti wa Denmark wameonyesha, hasa kwa wanaume, kwamba kazi nzito ya kutwa isiyo na mapumziko haiupi moyo faida ile ya mwendo wa hiari. Presha hubaki juu kwa saa nyingi, na mwili haupati nafasi ya kujirudi. Anayehitaji zaidi kutembea kwa kasi nusu saa ni mama anayekaa mezani sokoni tangu asubuhi. Yule wa mtoni anahitaji kwanza kupumzika, na mzigo mwepesi. Na atembee wapi? Kando ya barabara ya malori vumbi limejaa, na hewa chafu nayo huumiza mishipa ya moyo. Ni afadhali alfajiri, kwenye njia za ndani ya mtaa.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha presha, kinachochukua dakika chache. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, presha na mafuta mabaya ya damu huelekea kupanda, mara nyingi bila dalili yoyote. Joto la ghafla humsukuma mama kutafuta dawa. Presha haimsukumi popote, mpaka siku upande mmoja wa mwili unapokufa ganzi. Dawa za kuishusha zipo za bei nafuu kuliko homoni, na ushahidi kwamba zinazuia kiharusi hauna ubishi. Kampuni za migodi Lualaba zinawajibika kisheria kutoa mchango kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Mashine za kupima presha katika kila kituo cha afya cha Musonoi, na dawa zisizokatika, zingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo.