Vipuri Kabla ya Vyeti

Wapo watu Uingereza na Marekani, wake kwa waume, ambao hujaza vyumba vyao mashine kuukuu za kufyonza vumbi. Huzisaka minadani na katika nyumba za marehemu, huzifungua skrubu moja moja, huzisugua kutu, huzitia nyaya na beringi mpya, na mwisho huzipanga kwa kufuata miaka ya kutengenezwa kwake, kama mwanachuoni apangavyo vitabu vya madhehebu yake. Majirani zao, ambao hawajapata kuonja raha ya kuisikia mota ya mwaka 1926 ikiamka tena, huwatazama kwa istihizai. Mimi simo katika wanaocheka, na katika makala haya nakusudia kuwatetea, ijapokuwa kwa njia ya kuzunguka kidogo, kwa kupitia pande za ziwa Mweru, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, mahali ambapo sakafu aghalabu ni za udongo na mwenye dhamana ya vumbi ni ufagio.

Chombo chenyewe kina nasaba ya kuchekesha. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, aliunda mashine kubwa isiyoweza kupita mlangoni, ikawa inakokotwa na farasi hadi mbele ya nyumba ya tajiri, isimame barabarani ikinguruma huku mipira mirefu ikipitishwa madirishani. Na mwaka uliofuata ikaitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Iliyokuja kuingia majumbani, walakini, ni kazi ya mtu mnyonge zaidi, James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika mji wa Canton, Ohio, mwenye maradhi ya pumu, ambaye kwa kuchoshwa na vumbi lililomziba kifua aliunganisha, mwaka 1907, mota ya feni na mpini wa ufagio na foronya ya mto. Haki za uvumbuzi ule zilinunuliwa na W. H. Hoover, mtengenezaji wa matandiko ya farasi, aliyekwisha kung'amua kwamba motokaa zitamwondolea wateja.

Mashine za zama zile, na hizo ndizo wakusanyaji wazipendazo, ziliundwa na watu waliokuwa na yakini kwamba iko siku zitafunguliwa. Vipande vya kaboni, ambavyo ndivyo huliwa kwanza katika mota ya namna hii, viliwekwa nyuma ya vifuniko viwili vidogo ambavyo hata mtoto angeweza kuvifungua kwa bisibisi. Mkanda ukabadilishwa bila ya kuita fundi. Gamba likawa la alumini lililoshikwa kwa skrubu, wala si plastiki iliyobanwa kwa ndoana zinazokatika mara ya kwanza ukizigusa. Hata Umoja wa Ulaya umerejea katika fikra hiyo kwa njia ya sheria: kanuni zake za mwaka 2013 zilipunguza nguvu ya mashine mpya hadi wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, na wati 900 kuanzia Septemba 2017, na zikataka mota idumu saa zisizopungua 500, kisha mwaka 2024 ukapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kukubali kukarabati baadhi ya vyombo kwa bei ya insafu, na mashine ya kufyonza vumbi imo katika orodha. Cherehani, chombo kitakachotushughulisha huko Mantapala, haimo. Wala sishangai, maana cherehani ya zamani haikuhitaji sheria ili ikarabatiwe.

Na hapo ndipo ninapoingia Mantapala. Makazi haya yako katika wilaya ya Nchelenge, jimbo la Luapula, upande wa Zambia. Mwaka 2017, mapigano yalipowatoa watu majumbani mwao katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo, maelfu walivuka mpaka wakapokewa kwanza katika kituo cha mpito cha Kenani, na mwanzo wa mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala, wakapewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima, kwa makusudio kwamba huduma za pale ziwafae wao na wenyeji kwa pamoja. Wengi wametoka pande za Pweto, pale mto Luvua unapotoka ziwani, na wamekuja na Kiswahili cha Katanga, ambacho hapa hukutana na Kibemba katika kila mazungumzo ya sokoni. Si lugha ngeni katika nchi hii: msafiri Livingstone alipofika kwa mtawala Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, na misafara ya watu wa namna yake ilikuwa ikisafiri na majora ya merikani na kaniki kabla haijafika bara mashine yoyote ya kuzishona.

Mtu aliyekimbia vita huja na kazi ya mikono yake ikiwa hakupata kuja na kitu kingine, na miongoni mwa kazi za mikono hakuna inayohitajiwa upesi kuliko ushonaji, maana watoto hukua, sare za shule hutakiwa, vitenge hununuliwa, na hizo nguo za mitumba, ambazo Zambia huitwa salaula, aghalabu humpwaya mnunuzi au kumbana mpaka zipite kwa fundi zipunguzwe kiuno au ziachiwe upindo. Cherehani inayoifanya kazi hii ni ile nyeusi, ya kichwa cha chuma na kanyagio la miguu, ambayo huenda ni Singer iliyotoka Clydebank huko Uskoti, katika kiwanda kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980, au huenda ni Butterfly ya Shanghai, binamu yake mdogo. Herufi zinazotangulia namba iliyochongwa kwenye Singer humwambia ajuaye kiwanda chake na takriban mwaka wake, na wakusanyaji wa Ulaya wana madaftari mazima ya namba hizo. Fundi haziangalii. Yeye huiangalia mishono.

Ifuatiliwe, basi, kazi yenyewe. Cherehani iliyokaa miaka bila kutumika hushikana, kwa sababu mafuta yake ya zamani yameganda yakawa ulimbo, na mtu mwenye papara hulilazimisha gurudumu mpaka akavunja kitu. Fundi mwenye adabu ya kazi hukilaza kichwa ubavuni juu ya bawaba zake mbili, hukinywesha mafuta ya taa katika kila kiungo, hukiacha kilale hivyo usiku kucha, na asubuhi huanza kulizungusha gurudumu kwa kiganja, robo mbele na robo nyuma, mpaka limwachie lenyewe. Mafuta ya taa kisha huyafuta yote, maana kazi yake ni kuyeyusha wala si kulainisha, ndipo hutia mafuta ya cherehani tone kwa tone. Hufungua bamba la chini ya sindano, akachokoa kwa ncha ya waya ule uchafu wa nyuzi uliosongamana baina ya meno ya kuvutia kitambaa, ambao peke yake unatosha kuifanya cherehani nzima ihukumiwe kuwa imekufa. Mwisho hukishika kijumba cha bobini kwa uzi wake, kikaning'inia: kikianguka moja kwa moja, uzi umelegea, kisipotikisika hata kidogo, umekaza, kikishuka kidogo kila akitikisa mkono, fundi hutabasamu. Mkanda wa ngozi uliorefuka hukatwa kipande ukaungwa upya kwa kikulabu cha waya. Dhahabu ya maandishi iliyofutika pale kitambaa kinapopita huachwa kama ilivyo, jambo ambalo lingemtia mkusanyaji wa Ulaya simanzi ya wiki nzima.

Lakini maarifa yote haya yangekuwa bure lau kisingekuwako kipuri. Siri ya kudumu kwa cherehani hizi si chuma chake tu. Umbo lile la Singer liitwalo namba 15 liliigwa Japani baada ya Vita Vikuu vya Pili, likaigwa Uchina na Bara Hindi, na waigaji wakakubali, kwa bahati njema ya maskini wa dunia nzima, kutobadilisha vipimo. Hata leo bobini iliyotengenezwa Shanghai huingia katika cherehani ya Clydebank iliyozaliwa kabla ya babu wa fundi kuoa. Wakusanyaji wa mashine za vumbi hawana neema hiyo. Kila kampuni ilishona mfuko wake na kupima mkanda wake, na kampuni ikishafilisika, mwenye mashine hubaki akitafuta kipande kimoja cha mpira kwa miaka, au hujifunza kukitengeneza mwenyewe, na kwa sababu hiyo hasa ndipo ninapowataadhimisha watu wale: wamehifadhi michoro, namba za vipuri na vitabu vya mafundi ambavyo watengenezaji wenyewe walivitupa.

Sasa nasema lile lililonikalisha kuandika. Wafadhili hupenda kuhesabu waliohitimu: kozi ya ushonaji imefanywa, vyeti vimetolewa, picha imepigwa pamoja na cherehani mpya iliyo bado ndani ya nailoni. Ni mara chache katika hesabu hizo kuonekana mstari wa sindano za namba 14 na 16, bobini, mikanda, spiringi za kukazia uzi na chupa za mafuta, na mara chache zaidi kuonekana ujira wa fundi atakayekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuzifufua zilizolala. Kwa rai yangu, fedha inunuayo cherehani mpya moja ya plastiki, yenye vipimo visivyolingana na vya nyingine yoyote katika soko la Kashikishi, huko huko Nchelenge, ingefaa zaidi ikigeuzwa kuwa vipuri vya cherehani nyingi zilizokwisha kuwapo, na fundi mkongwe akaandikwa kuwa mwalimu kwa mshahara, hata kama hana karatasi ya kuthibitisha anayoyajua.

Huko Ulaya nako yapo ya kusemwa. Maduka ya nguo ya AllSaints yamepamba madirisha yake kwa mamia ya cherehani kuukuu, zimesimama safu kwa safu nyuma ya kioo, nazo hazishoni kitu. Wamezinunua kwa mali yao, siwezi kuwashitaki. Nasikitika tu, na nina haki ya kusikitika. Mkabala wao lipo shirika la Tools With A Mission la Ipswich, ambalo wafanyakazi wake wa kujitolea hupokea vyombo vya kazi vilivyotumika, cherehani zikiwamo, wakavitengeneza na kuvisafirisha hadi Afrika, Zambia ikiwa mojawapo ya nchi zinazopokea. Mmoja anayeelewa hesabu ya spiringi ana manufaa kuliko kumi wanaoelewa hesabu ya picha.

Najua nitajibiwa kwamba Afrika imekwisha kufanywa jaa la makorokoro ya wenzetu, na jibu hilo lina haki yake. Kontena la vyombo vya umeme vilivyokufa, visivyofunguka na visivyo na kipuri, si msaada bali ni taka iliyolipiwa nauli, na hata hizo mashine za kufyonza vumbi, kwa mapenzi yote niliyowaonyesha wenye nazo, zibaki huko huko kwao. Kiletwe kile kinachofunguka kwa bisibisi na ambacho kipuri chake kinauzwa mahali ambapo mtu wa Nchelenge anaweza kufika kwa baiskeli.

Wengine watasema kwamba kanyagio ni unyonge wa zamani, na kwamba wakimbizi nao wanastahili mashine za umeme. Wanastahili, naam. Ila wasemao hivyo wachungulie nyuma ya kichwa cha cherehani nyingi za namba 15, chini kidogo ya gurudumu: pana kinundu cha chuma chenye tundu la skrubu, kilichoachwa pale na wahandisi kwa makusudi ya kufungia mota ndogo siku mwenye cherehani atakapopata umeme.