TUSIWAPE WATOTO MAJINA YA MAKOSA YAO



 Katika gazeti letu hili la mwaka tumezoea kuandika juu ya wanazuoni, adabu za mwanafunzi na matokeo ya mitihani. Safari hii tumeona tuanze mbali kidogo, na huenda baadhi ya wazazi wakashangaa, kwani tutazungumzia mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Tunaomba mtuvumilie. Vijana wetu hawana haja ya kuombwa. Hao ukitaja neno mpira tu wameshasogeza kiti.

Mchezaji huyo anaitwa Mathias Kiwanuka. Jina hilo ni la jirani zetu Waganda, na ndivyo ilivyo. Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Indianapolis, Marekani, na babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, kabla ya uhuru. Mwaka 1971 mzee huyo aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Mwaka uliofuata mahakama iliamuru Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi bila kufuata sheria aachiwe huru. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Idi Amin wakamfuata Jaji Mkuu katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua mchana kweupe, wakamuua. Familia haikupewa hata maiti ya kuzika.

Wazee wetu wa Moshi wana sehemu yao katika habari hii. Mwezi Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa mjini kwetu na kuunda umoja wao chini ya Profesa Yusuf Lule, na tarehe 11 Aprili mwaka huo Kampala ikakombolewa. Vijana wengi wanaopita mjini kila siku hawajui kwamba mkutano huo unaitwa hadi leo Mkutano wa Moshi. Waulizeni babu zenu.

Turudi kwa mjukuu. Mpira wa Kimarekani si kama huu wetu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili, unashikwa kwa mikono, na wachezaji wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki kwa sababu wanagongana kweli kweli. Kila upande una watu 11 uwanjani. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9 hivi. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Nyuma yao anasimama mrushaji, ambaye ndiye akili ya timu. Yeye hutafuta mwenzake aliye wazi na kumrushia. Upande wa pili kuna walinzi, na kazi ya mlinzi wa pembeni kama Kiwanuka ni kumfikia mrushaji na kumwangusha kabla mpira haujamtoka mkononi. Alipokuwa chuoni Boston College alifanya hivyo mara 37 na nusu (nusu huandikwa pale wawili wanapomwangusha mtu pamoja), na hiyo ikawa rekodi ya chuo. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamchagua katika duru ya kwanza, akiwa mtu wa 32.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kuna sheria katika mchezo huo kwamba mrushaji akishaachia mpira, huruhusiwi kumpiga wala kumtupa chini. Ukifanya hivyo timu yako inaadhibiwa yadi 15 na wapinzani wanapata nafasi nne mpya. Ni sheria nzuri, kwa maana mtu aliyekwisha kurusha hana kinga. Tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho. Wenyeji, Tennessee Titans, wakarudisha mawili, ikawa 21 kwa 14. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, wenyeji wakafika nafasi yao ya nne na ya mwisho, na yadi 10 zote zikiwa bado zinahitajika. Mrushaji wao Vince Young akarudi nyuma. Kiwanuka, kijana wa miaka 23 katika msimu wake wa kwanza, akamfikia. Akamkumbatia. Kilichobaki ni kumlaza chini na mchezo ungekuwa umekwisha.

Akamwachia.

Baadaye alieleza kwamba alidhani mpira umeshatoka, na hakutaka kuipa timu adhabu. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young. Young akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, kisha zikiwa zimebaki sekunde 6 wakapiga mpira wa yadi 49 ukapita katikati ya nguzo. Wakashinda 24 kwa 21.

Tumeisimulia kwa urefu kwa sababu kosa la namna hii lina sura yake. Huyu hakuzembea. Alikimbia, akawashinda waliomzuia, akafika mahali ambapo wengi hawafiki. Kilichomponza ni kuikumbuka sheria kwa hofu wakati mikono yake ilikuwa imeshika kitu cha halali. Na kwa kuwa lilitokea mbele ya uwanja uliojaa na mbele ya televisheni, wiki ile habari zilikuwa ni zake. Hata leo, miaka mingi baadaye, wapo washabiki wakisikia jina Kiwanuka wanaanza na siku ile ya Nashville.

Lakini timu yake haikumwita kwa jina la kosa lake. Kocha Tom Coughlin hakuwa mtu wa kubembeleza, wote wanaomfahamu wanalijua hilo, ila kijana alibaki katika timu. Mwaka 2007 akahamishiwa nafasi nyingine ya ulinzi, akajifunza upya, na mwezi Novemba akavunjika mguu. Februari 2008 wenzake walipoifunga New England Patriots katika fainali, timu iliyokuwa haijapoteza mchezo hata mmoja msimu mzima, yeye hakucheza. Mwaka 2008 akarudishwa nafasi yake ya zamani kwa sababu mwenzake aliumia. Mwaka 2010 akaumia shingo baada ya michezo mitatu tu. Kisha tarehe 5 Februari 2012 akacheza fainali nyingine dhidi ya Patriots wale wale, wakashinda 21 kwa 17, na fainali hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Alicheza hadi msimu wa 2014, misimu tisa katika timu moja. Katika mchezo unaovunja watu kama ule, tisa ni mingi.

Hatusemi watoto wetu wakaucheze mchezo huo. Kwanza hizo kofia ngumu mtazinunua duka gani hapa Moshi? Tunasema jambo jingine.

Mwaka uliopita, katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yaliyokusanya madrasa kadhaa za mjini na za mlimani, mwanafunzi wetu mmoja alipanda jukwaani. Jina lake tunalihifadhi. Ni kijana anayeshuka kwa daladala kutoka mlimani, mvua inyeshe isinyeshe, na aliyekuwa amehifadhi vizuri kuliko wenzake wengi. Akapewa Surat ar-Rahman. Wanaohifadhi wanajua uzito wa sura hiyo, kwa sababu aya moja inarudiwa mara 31, na asiye makini huruka bila kujijua. Kanuni ya siku ile ilikuwa kwamba makosa matatu unashuka. Alisoma vizuri, wala hakuwa amekosea popote, mpaka alipomwona jaji mmoja anainamisha kichwa na kuandika. Akadhani amekosea. Akasimama, akarudi nyuma, akaanza aya nyingine, akachanganyikiwa, akanyamaza. Jaji, kama tulivyoambiwa baadaye, alikuwa akimwandikia alama nzuri ya tajwidi.

Kijana alishuka jukwaani huku baadhi ya watu wakicheka. Jioni ile ile wenzake wakampa jina: "Netiweki", kwa kuwa mtandao ulikata. Jina likapanda naye mlimani, likafika shuleni, likafika dukani anakotumwa sukari. Nyumbani nako hakupata pa kupumzikia, kwani aliambiwa mbele ya wageni kwamba ameiaibisha familia. Tangu mwezi wa pili hajaonekana darasani. Tumekwenda kwao mara mbili. Jibu ni kwamba yuko tuisheni.

Ndugu zetu, mtoto huyu alifanya nini? Alikuwa ameshika kilicho sahihi, akakiachia kwa kuogopa kukosea. Mzembe hana hofu ya namna hiyo. Asiyejali sheria hajali pia jaji anaandika nini. Anayeachia kwa hofu ni yule yule mwenye bidii, tunayetaka kumjenga, na ndiye tunayempoteza.

Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat inatukataza kuitana kwa majina mabaya, na kila mtoto wa darasa la tatu ameisoma. Hatusemi majina yote ya utani ni haramu. Yule sahaba aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn, yaani mwenye mikono, aliitwa hivyo kwa urefu wa mikono yake na wala halikuwa tusi. Na tumemtaja yeye kwa makusudi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali swala ya rakaa nne akatoa salamu baada ya mbili. Watu wakanyamaza. Dhul-Yadayn ndiye aliyeuliza: je, swala imepunguzwa au umesahau? Mtume akawauliza watu, wakathibitisha, akasimama akakamilisha zilizobaki na kusujudu sijda mbili. Basi. Hakuna aliyecheka, na anayeuliza naye hakukemewa. Sheria yetu imeweka sijda ya kusahau ndani ya swala yenyewe, na imamu akikwama katika kisomo, aliye nyuma humkumbusha, imamu akaendelea. Iweje basi katika mashindano ya watoto, ambayo si faradhi wala sunna, anayekwama anashushwa akiwa amenyamaza?

Mfano mwingine unatoka katika mchezo ule ule, nao unamhusu Muislamu. Husain Abdullah alikuwa mlinzi wa nyuma. Mwaka 2012 yeye na ndugu yake Hamza, ambaye naye alikuwa mchezaji, waliacha msimu mzima wakaenda Hija. Husain akarudi mwaka 2013 katika timu ya Kansas City Chiefs. Tarehe 29 Septemba 2014 aliunasa mpira uliorushwa na Tom Brady, mrushaji mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, akakimbia nao yadi 39 hadi mwisho wa uwanja, akateleza kwa magoti na kusujudu. Mwamuzi akatoa adhabu ya yadi 15, kwa sababu sheria ilikataza kushangilia ukiwa chini. Kumbe waamuzi walikuwa wameelekezwa kwamba anayekwenda chini kwa ajili ya ibada haadhibiwi. Kesho yake uongozi wa ligi ukasema hadharani kwamba adhabu ile haikustahili. Mchezaji mwenyewe hakuwa amelalamika. Alisema alidhani ameadhibiwa kwa kule kuteleza.

Siku moja tu ilitosha kwa chama kikubwa cha michezo kusema kwamba mwamuzi wake amekosea. Mtoto wetu amebeba lake zaidi ya mwaka, na yeye hakuwa amekosea hata aya.

Baadhi ya wazazi watasema tunawalea watoto kwa ulaini, na kwamba wao walisoma kwa fimbo na wamehifadhi. Inawezekana. Lakini hao ni waliobaki. Waliokimbia hawako hapa kutusimulia, na kila mmoja wetu akikaa akihesabu wenzake wa chuoni wa zamani atawajua. Hatuondoi mtihani wala alama. Anayekosea aambiwe, tena aambiwe vizuri, ila aambiwe aya ipi na herufi ipi, kisha aendelee kusoma.

Kwa hiyo tumependekeza kwa madrasa wenzetu kwamba katika mashindano yajayo jaji afungue kwa sauti pale mwanafunzi anapokosea, na asipofungua mwanafunzi ajue yuko sawa hata kama kalamu inatembea. Mtoto akikwama akumbushwe, alama ipunguzwe, amalize sura yake kabla ya kushuka. Madrasa mbili zimekubali, moja imesema itafikiria. Kwa wanafunzi wetu, jina lile lisisikike tena ndani ya geti, na aliyelianzisha anajijua. Tunamwomba apande mlimani Ijumaa baada ya swala, nauli tutampa.

Nawe kijana wetu, kama gazeti hili litakufikia huko nyumbani: darasa la Jumamosi linaanza saa mbili asubuhi kama zamani. Juzuu ya 27 bado hatujaimaliza.

Wabillahi tawfiq.