Dole Gumba si Ridhaa

Watu wengi hudhani kwamba utafiti unaoweza kumdhuru mtu ni ule wa sindano na dawa tu, na kwamba mwenye kuuliza maswali hana analoweza kuharibu. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Stanley Milgram aliwaagiza watu wa kawaida wampige mwenzao kwa umeme kila alipokosea jibu. Umeme haukuwapo, na mpigwaji alikuwa akiigiza. Lakini wao hawakujua. Katika jaribio lililotangazwa kwanza, watu 26 kati ya 40 waliendelea hadi volti 450, wengi wao wakitetemeka na kutokwa jasho. Elimu ilipatikana, ila kwa kuwahadaa watu na kuwatesa rohoni.

Hata hivyo, sheria za kusimamia utafiti zilichochewa zaidi na makosa ya matabibu. Mwaka 1972 ilifichuliwa kwamba huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ilikuwa imewachunguza wanaume Weusi 399 wenye kaswende, tangu mwaka 1932, bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Mwaka 1974 Marekani ilizipa kamati za maadili nguvu ya sheria ili zipime utafiti kabla haujaanza. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, nazo zina kamati za namna hiyo.

Naziunga mkono kamati hizi. Haifai mtafiti awe hakimu wa kesi yake mwenyewe, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini nguo iliyokatwa kwa kipimo cha tabibu haimkai vyema mtafiti wa historia au mila. Mzee wa kijijini amezoea kuombwa dole gumba penye mkopo, shamba au kesi. Akiletewa karatasi kabla ya mazungumzo hushtuka. Huenda akakataa, au akasema yale tu anayodhani yanatakiwa. Tena, mazungumzo yakihusu rushwa au pombe haramu, yamkini karatasi hiyo ndiyo pekee inayounganisha jina lake na maneno yake. Ikiangukia mikono mibaya, itamdhuru yule yule iliyokusudiwa kumlinda.

Liko jambo zito zaidi. Mtafiti hufika na barua ya wilaya, na mwenyekiti wa kijiji humwita mzee aje kuhojiwa. Barua hiyo ni ruhusa ya kuingia kijijini tu. Mzee aweza kutia dole kwa sababu haoni njia ya kukataa wito wa mwenyekiti. Makaratasi yatakuwa kamili na kamati itaridhika, ilhali ridhaa haikuwapo.

Marekani yenyewe imeliona tatizo hili. Kanuni zake zilizorekebishwa mwaka 2017 huruhusu kamati isidai sahihi pale ambapo jamii haina desturi hiyo na hatari ni ndogo. Nayo historia simulizi imeondolewa katika kanuni hizo. Kamati zetu nazo yafaa ziwe na wataalamu wa jamii na raia wa kawaida, zikubali ridhaa ya mdomo inapostahili, na kabla ya kukagua fomu zijiulize: je, mtu huyu aweza kukataa, na akikataa atapatwa na nini?

Ndugu mwalimu, swali hilo ni lako pia. Unapowatuma wanafunzi kwa wazee kukusanya historia ya kijiji, hakuna kamati itakayowapima. Wafundishe kusema wao ni nani na habari hizo ni za nini. Kumwambia mzee kwamba yu huru kunyamaza. Kuficha jina lake akitaka. Na kumrudia kumsomea walichoandika. Mwanafunzi aliyezoea hayo shuleni hatangoja kamati imwambie pale mzee anaposema hapana.