Mashine ya kukamua alizeti: chukua inayofanya kazi moja, ikaifanya vizuri



Kila alizeti inapokaribia kukauka, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: "Afisa, kikundi chetu tumepata hela, tununue mashine gani ya kukamua?" Kabla sijajibu, anayeuliza ameshanitumia picha WhatsApp. Na karibu kila picha ni ya mashine moja kubwa inayong'aa, yenye hita ya kupashia mbegu, pampu, matangi mawili ya kuchujia na swichi nyingi kama dashibodi ya basi. Anayeiuza anasema inafanya yote: unamimina mbegu huku, unakinga mafuta safi kule.

Leo nitoe msimamo wangu hadharani ili nisirudie kwa kila mmoja. Kwa kikundi cha vijana kinachoanza, chenye mbegu zake na za majirani wachache, mashine inayofaa ni ya mkamuo mmoja: mbegu inaingia juu, inapita mara moja, mafuta yanatoka chini, mashudu yanatoka mbele. Basi. Kuchuja kufanyike pembeni na kifaa kingine. Hela inayobaki isiende kwenye swichi, iende kwenye mbegu.

Najua wengine mtasema afisa anawarudisha nyuma. Hebu tupige hesabu pamoja.

Unachokosa si kasi

Tuseme mko 10, kila mmoja ana ekari 2. Jumla ekari 20. Msimu ukiwa wa wastani mkapata magunia 8 kwa ekari, gunia la kilo 65, mna magunia 160, yaani kilo 10,400.

Mashine ndogo inayokula kilo 100 kwa saa itamaliza mzigo huo kwa saa 104. Mkifanya kazi saa 8 kwa siku, ni siku 13. Mashine kubwa ya kilo 400 kwa saa itamaliza kwa saa 26, siku tatu na kidogo.

Sasa niambie, hizo siku kumi mlizookoa mtazifanyia nini? Mashine kubwa itamaliza kazi Jumatano, halafu itafunikwa turubai mpaka mwakani, na rejesho la mkopo linakuja kila mwezi. Mashine haijawahi kulipa deni ikiwa imelala.

Ukweli ambao wauzaji hawautaji ni kwamba kinachowazuia wakamuaji wadogo wengi ni uhaba wa mbegu. Wakati wa mavuno bei ya alizeti iko chini, kila mtu anauza, na mwenye fedha taslimu ndiye anayejaza ghala. Kikundi kilichomaliza hela yote kwenye mashine kinabaki kuangalia malori ya wafanyabiashara yakibeba alizeti za jirani zao. Mwezi wa kumi na moja mashine ipo, umeme upo, mbegu hakuna.

Kuna kikundi nilichokitembelea ambacho mashine yao ilikuwa nzuri kweli, wameifuta vumbi inang'aa. Nikauliza mara ya mwisho imewashwa lini. Wakatazamana. Kijana mmoja akajibu, "Tunasubiri msimu, afisa." Fedha yao ilikuwa ya ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba, sawa, lakini lazima irudi. Isiporudi, kikundi kinachofuata kwenye foleni ndicho kinachokosa.

Mashine ya yote kwa pamoja, mgogoro wa yote kwa pamoja

Mashine iliyounganishwa na hita, pampu na matangi ya kuchujia ina shida moja kubwa: kitu kimoja kikigoma, vyote vinaweza kusimama. Pampu ya kichujio ikiungua katikati ya msimu, mashine nzima inasubiri spea kutoka Dar es Salaam, na wakati mwingine kutoka nje ya nchi. Fundi wa kijijini ambaye angeweza kunoa, kuchomelea na kubadilisha beringi, akifungua boksi la nyaya anafunga tena.

Mkiwa na mashine ya mkamuo mmoja na kichujio chake pembeni, kichujio kikiharibika mnaendelea kukamua. Mafuta yanawekwa kwenye mapipa safi yenye mfuniko, yanatulia siku moja au mbili, tope linashuka chini, mnachota ya juu. Ni polepole, lakini kazi haijasimama na mteja hajaondoka.

Jambo hili si geni hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni Arusha mashine ya mkono ya kukamua alizeti: mkono mrefu wa chuma unasukuma pistoni, pistoni inabana mbegu, mafuta yanachuruzika. Ilisambaa hadi nchi nyingine za Afrika. Haikuwa na haraka, na ilitaka mbegu yenye ganda laini kama Record. Lakini karakana ndogo ziliweza kuitengeneza, na mtu wa kijijini aliielewa kwa kuitazama tu. Simwambii mtu mwaka huu aanze biashara kwa mashine ya mkono. Ninachosema ni kwamba mashine mnayoielewa nyinyi wenyewe itawapa siku nyingi zaidi za kazi.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa hela

Moja, mwili wa mashine. Kukamua ni kubana kwa nguvu kubwa, kwa hiyo mashine nyepesi inatikisika, inalegea, halafu inakula beringi. Tafuta yenye mwili mzito wa chuma cha kumimina, bila nyufa wala sehemu zilizochomelewa zikapakwa rangi. Pita na tochi, na piga simu kwa fundi aje nawe. Ukishainunua, ifunge kwa bolti kwenye zege, usiiweke juu ya mbao.

Mbili, skrubu na vyuma vinavyoizunguka. Hapa ndipo moyo wa mashine ulipo, na hapa ndipo inapolika. Uliza: skrubu inatoka vipande vipande au ni moja nzima? Ikiwa ni vipande, utabadilisha kile kilicholika tu. Uliza bei ya seti ya spea sasa hivi, kabla ya kulipia mashine. Muuzaji asipokuwa na spea dukani, hiyo ni ishara. Mimi ningeshauri mnunue seti moja ya akiba siku hiyo hiyo.

Kwenye mashine nyingi za Kichina utaona maandishi kama 6YL-80, 6YL-100, 6YL-130. Hiyo namba ya mwisho ni unene wa skrubu kwa milimita. Si kilo kwa saa, na si ubora. Mtu asikuambie 130 ni bora kuliko 80 kwa sababu namba ni kubwa.

Tatu, umeme. Wengi wanalipia mashine kwanza, halafu wanakuja kugundua kijijini kwao kuna umeme wa njia moja tu. Mota za kilowati 7.5 na kuendelea kwa kawaida zinataka njia tatu, na nyingi za chini ya hapo pia zinakuja za njia tatu. Nendeni TANESCO kwanza, mjue nguzo iliyo karibu ina nini na kuvuta kutagharimu kiasi gani. Hii ni sababu nyingine ya kupenda mashine ambayo mota iko pembeni na inazungusha kwa mikanda. Umeme ukisumbua, mnaweza kufunga injini ya dizeli mahali pale pale.

Nne, majaribio. Usinunue mashine uliyoiona ikizunguka tupu. Beba magunia mawili ya alizeti yako, kilo 130, na mizani. Mashine ipate moto kwanza, maana ikiwa baridi haikamui vizuri. Kisha ipitishe mbegu zako, pima mafuta na pima mashudu. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa karibu kilo 0.92. Ukipata lita 36, hizo ni kama kilo 33, yaani karibu asilimia 25 ya uzito wa mbegu. Andika. Nenda kwa muuzaji mwingine na mbegu za shamba lile lile, fanya vile vile. Sasa unalinganisha mashine, hulinganishi maneno.

Usidharau asilimia mbili tatu. Kwenye zile kilo 10,400, tofauti ya asilimia 2 ni kilo 208 za mafuta, kama lita 226. Mkiuza lita kwa shilingi 5,000, hiyo ni shilingi 1,130,000 iliyobaki kwenye mashudu. Mara nyingi hela hiyo inapotea kwa skrubu iliyolika, nati iliyolegezwa au mbegu yenye unyevu, hata kama mashine ni kubwa namna gani.

Na kupitisha mara ya pili je?

Wengine mnauliza: mkamuo mmoja unaacha mafuta kwenye mashudu, kwa nini nisinunue mashine mbili zifuatane? Ni kweli yanabaki. Hata mashine nzuri ya skrubu haimalizi yote. Lakini mafuta hayo hayajatupwa. Mashudu yenye mafuta kidogo yana soko kwa wafugaji wa kuku, ng'ombe wa maziwa na nguruwe, na viwanda vikubwa vinayanunua kwenda kuyatoa mafuta yaliyobaki kwa dawa maalumu. Kabla ya kununua mashine ya pili, chukua kilo 50 za mashudu yako, zipitishe tena kwenye hiyo moja uliyonayo, pima kilichotoka. Toa gharama ya umeme, muda na kulika kwa skrubu. Kikibaki kitu cha maana, sawa, fikiria. Vikundi vingi vikifanya jaribio hili vinaona ni afadhali kubana nati vizuri kwenye mzunguko wa kwanza.

Nani anafaa kununua kubwa?

Sitaki nionekane napinga mashine kubwa kwa kila mtu. Kuna hoja moja ya haki: mashine kubwa inaweza kukamulia watu wengine kwa malipo, na hiyo inaijaza siku zake. Sawa, lakini zunguka kata yako kwanza. Mashine zipo ngapi? Mwezi wa pili zinafanya nini? Ukiona tatu zimefungwa, ya nne haitaleta alizeti mpya duniani.

Kama tayari mna ghala, mna mtaji wa kukusanya magunia 1,000 na zaidi kila msimu, mna njia tatu na fundi wa kudumu, basi mko kwenye daraja jingine. Nunueni kubwa, tena mtanialika. Ila daraja hilo hupandwa. Msimu wa kwanza mkamuo mmoja, msimu wa pili kichujio kizuri zaidi, msimu wa tatu ghala. Mashine ndogo iliyojilipa yenyewe ndiyo inayonunua kubwa.

Kumbukeni pia bei. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka na wakulima wa kanda ya kati waliumia. Mwenye deni dogo alivumilia, akahifadhi, akakamua kidogo kidogo, akauza mafuta kwa madumu mtaani. Mwenye deni kubwa alilazimika kuuza kwa bei yoyote ili alipe rejesho. Ukubwa wa mashine unaamua pia ukubwa wa usingizi wako.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kusaini mkopo, kaeni kikundi kizima na daftari. Andikeni kilo za mbegu mlizo na uhakika nazo, gawanyeni kwa uwezo wa mashine kwa saa, muone itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka. Zikiwa chini ya 30, msiongeze ukubwa wa mashine, ongezeni mbegu. Piteni ofisi ya SIDO mkoani, waone michoro na mashine zilizopo, na waulizeni habari za barua ya utambulisho kwenda TBS, maana mafuta bila alama ya ubora yataishia gengeni.

Mwenye hesabu ya kikundi chake na anataka tuipitie pamoja, aje nayo ofisini siku ya soko. Aje na daftari. Picha za mashine nimeshaziona za kutosha.