Gesi haiishi tu, fundi

Friji ya mathe ilinguruma usiku na mchana, ikimaliza tokeni. Fundi akaja, hata hakuifungua: “Gesi imeisha. Leta 6,000.”

Niliacha campo, lakini sikuacha kufikiri. Nilifungia noti ya hamsini mlangoni, nikavuta. Ikateleza tu. Raba haishiki, baridi inatoroka. Nyuma, vumbi kama blanketi, na friji imebanwa ukutani. Nikachomoa plagi, nikapangusa vumbi, nikaosha raba kwa maji moto na sabuni, nikaisogeza mbele. Sasa inazima na kuwaka kama kawaida.

Wasee, gesi ya friji si ya kupikia. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa; ikipungua, inavuja. Fundi akisema “tuongeze tu,” muulize: inavujia wapi? Asipojibu, muonyeshe mlango.