UCHAMBUZI: Ziwa Victoria ni sinia, wala si chungu

WAVUVI wa Homa Bay, Siaya na Busia wanapokamatwa kwa madai ya kuvuka mpaka wa majini, kelele huwa ni zile zile: jirani ana tamaa, na serikali yetu imelala. Ni nadra mtu kuuliza kwa nini mvuvi mwenye akili timamu ayaache maji ya nyumbani, akahatarishe nyavu na injini yake mbali hivyo. Jibu, kwa kiasi kikubwa, limo katika umbo la ziwa lenyewe.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800. Barani Afrika halina mwenzake kwa upana. Hata hivyo, kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, na penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika, ambalo eneo lake halifiki nusu ya hilo, hushuka hadi karibu mita 1,470 na kubeba maji takriban mara saba zaidi. Tanganyika limo ndani ya ufa. Victoria lilitanda juu ya uwanda ulio baina ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, baada ya ardhi ya magharibi kuinuka na kuizuia mito.

Katika sinia hiyo, Kenya ina asilimia 6 pekee. Na karibu thuluthi ya fungu hilo ni Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi zaidi na mlango mwembamba karibu na Rusinga. Mito Nyando na Sondu-Miriu humwaga humo tope na mbolea ya mashambani, nao mji wa Kisumu huongeza yake. Maji yasiyobadilika upesi huwa bustani ya gugu-maji. Tuta la barabara lililojengwa Mbita miaka ya 1980 liliziba njia mojawapo ya maji, hadi daraja lilipojengwa miaka mingi baadaye. Mbuta basi hufuatwa mbali, na huko mbali si kwetu.

Kuna suala jingine. Takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa hili hutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha zaidi ya mita mbili. Kati ya 2004 na 2006 lilishuka, kwa ukame na kwa maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kwenye mabwawa ya Jinja. Mei 2020 lilifikia mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja tu.

Sentimita moja! Maafa yale yaliitwa ya ajabu, ilhali alama ya 1964 ilikuwa imeandikwa. Kaunti za ufuoni zingeanza kwa kupigilia vigingi pale maji yalipofika 2020, na kumnyima kibali yeyote anayetaka kujenga upande wa ziwani.